Kanieneo na majina ya vipimo vyake

0. Utangulizi

Mgonjwa wa Lubumbashi anayepimwa shinikizo la damu huambiwa kwamba ana "kumi na mbili kwa nane", na mara nyingi namba hizo hutamkwa kwa Kifaransa hata kama mazungumzo mengine yote ni ya Kiswahili. Mgonjwa huyo huyo akivuka mpaka wa Kasumbalesa na kupimwa upande wa Zambia, atasomewa 120 kwa 80. Damu yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni kipimo: desturi ya tiba iliyofika Kongo kwa njia ya Kifaransa huhesabu kwa sentimita za zebaki, ilhali ile ya majirani waliosomea Kiingereza huhesabu kwa milimita. Tofauti hiyo ya mara kumi haina hatari kubwa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya muuguzi akiwa na shinikizo la milimita 12, na kosa litaonekana papo hapo. Hatari iko kwingine, yaani pale namba mbili za vipimo tofauti zinapokaribiana, na zote mbili zikawa zinasadikika.

Makala haya yanaeleza namna ya kubadilisha vipimo vya kanieneo ndani ya mfumo wa metriki. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kuzidisha na kugawanya, na mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kinachowapoteza watu, wakiwemo wataalamu, ni jina la kipimo, ambalo katika mazungumzo huachwa nje kana kwamba kila msikilizaji analijua. Kuanzia hapa, mkato unatenga desimali na nafasi inatenga maelfu, kama inavyofundishwa katika shule za Kongo. Sababu ya kulitaja jambo hilo dogo itaonekana katika sehemu ya tatu.

1. Neno lenyewe

Waliosanifu istilahi za fizikia kwa Kiswahili waliunganisha maneno mawili, kani na eneo, wakapata kanieneo. Ni nadra istilahi kubeba ndani yake fomula nzima. Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya zilichukua neno la Kilatini lenye maana ya kubana, na neno hilo halimwambii mwanafunzi lolote kuhusu eneo. Kiswahili kinamwambia mara moja: chukua kani, igawe kwa eneo inaloliangukia. Mwanamke mwembamba aliyevaa kiatu chenye kisigino chembamba hutoboa sakafu ya udongo ambayo tembo huipita bila kuacha tundu. Kani ya tembo ni kubwa mno, lakini nyayo zake ni pana.

Hata hivyo, neno hilo halijatoka nje ya vitabu. Mitaani, Tanzania na Kenya husema presha. Lubumbashi na Bukavu husema tansio pale linapohusika jambo la damu, kutoka Kifaransa, na kwa magurudumu ya gari husikika "kilo". Wandishi wengi hutumia pia shinikizo, neno zuri ambalo limeshika mizizi katika msemo "shinikizo la damu", na halina haja ya kung'olewa. Ila katika darasa la fizikia, kanieneo linafaa zaidi, kwa kuwa shinikizo linaweza pia kuwa la kisiasa au la wazazi.

"Kilo" ndilo neno la kuangaliwa kwa shaka. Dereva anayeomba "kilo mbili" katika gurudumu anamaanisha uzito wa kilogramu mbili juu ya kila sentimita ya mraba. Neno lake limebakiza kani na kutupa eneo, yaani limetupa nusu ya maana. Kwa bahati, kipimo hicho kinakaribiana mno na bari, kwa hiyo gurudumu halipasuki. Lakini kijana aliyezoea "kilo" akikutana na kifaa kilichoandikwa kPa, atasoma k kuwa ni kilo yake ile ile, na hapo ndipo mambo huharibika: kilopaskali mbili ni sehemu ya hamsini tu ya bari moja.

2. Zebaki na paskali

Mwaka 1644 Evangelista Torricelli, mwanasayansi wa Kiitalia, alieleza katika barua jaribio la bomba la kioo lililojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli. Zebaki haikumwagika yote. Ilibaki imesimama ndani ya bomba kwa urefu wa kama sentimita 76, na juu yake palikuwa na ombwe. Torricelli alifahamu kwamba kinachoishikilia zebaki hiyo ni uzito wa hewa iliyo nje. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mabomba kama hayo, kwa maombi ya shemeji yake Blaise Pascal. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa takriban sentimita 8. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na urefu wa zebaki uliweza sasa kutumiwa kama kipimo.

Hivyo kwa karne tatu watu walipima kanieneo kwa urefu, jambo la ajabu kidogo ukilifikiria. Sentimita si kani, wala si kani juu ya eneo. Ili urefu wa zebaki uwe kanieneo, lazima uzidishwe kwa densiti ya zebaki na kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Na kwa kuwa densiti hubadilika na joto, na mvutano hubadilika kutoka ikweta hadi ncha za dunia, thamani zote mbili zilibidi kufungwa kwa makubaliano. Kwa makubaliano hayo milimita moja ya zebaki ni paskali 133,322.

Paskali yenyewe ilipewa jina hilo na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani mwaka 1971. Ni kani ya niutoni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba, na ni ndogo sana. Karatasi moja ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80 kwa kila mita ya mraba, ikilala juu ya meza huikandamiza kwa paskali 0,8 hivi. Kwa sababu ya udogo huo, paskali haionekani peke yake katika maisha ya kila siku. Hutembea na viambishi: hektopaskali (mia) kwa wataalamu wa hali ya hewa, kilopaskali (elfu) kwa wahandisi, megapaskali (milioni) kwa mitungi ya gesi na nguvu za chuma na saruji.

Vipimo vingine vyote vinaweza kuelezwa kwa paskali. Bari moja ni paskali 100 000 kamili. Milibari ni elfu moja ya bari, yaani paskali 100, kwa hiyo ni sawasawa na hektopaskali, na ndiyo maana wapimaji wa hali ya hewa waliweza kuacha jina moja na kushika jingine bila kubadilisha namba hata moja katika daftari zao. Angahewa sanifu, iliyofungwa mwaka 1954, ni paskali 101 325. "Kilo" ya dereva ni paskali 98 066,5. Tori, iliyopewa jina kwa heshima ya Torricelli, ni angahewa sanifu iliyogawanywa kwa 760, na kwa matumizi yote ya kawaida ni milimita ya zebaki.

Njia salama ya kubadilisha ni kupitia paskali daima, hata pale inapoonekana ni kuzunguka. Zidisha namba uliyonayo kwa thamani ya kipimo chake katika paskali, kisha gawanya kwa thamani ya kipimo unachokitaka. Hewa ya Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1 200, ina kanieneo ya karibu hektopaskali 880. Hizo ni paskali 88 000. Ukizigawanya kwa 133,322, unapata milimita 660 za zebaki. Ukizigawanya kwa 101 325, unapata angahewa 0,87. Kutokana na hilo maji ya Lubumbashi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za selsiasi, wala si 100, na maharage huchukua muda zaidi jikoni.

Bari na angahewa sanifu hutofautiana kwa asilimia 1,3 tu, na wengi huziona kuwa kitu kimoja. Kwa gurudumu ni sawa. Kwa mwanafunzi wa kemia si sawa. Muungano wa kimataifa wa kemia ulipendekeza mwaka 1982 kwamba kanieneo sanifu iwe bari moja badala ya angahewa moja. Tangu hapo mole moja ya gesi, kwenye nyuzi sifuri, ina ujazo wa lita 22,7 kwa wanaofuata pendekezo hilo, na lita 22,4 kwa wanaoendelea na vitabu vya zamani. Katika maktaba zetu vitabu vya aina zote mbili vimekaa rafu moja, na mwalimu anayesahihisha mtihani angefanya vema kuuliza kwanza mwanafunzi alisoma kipi.

3. Namba zinazosadikika

Baadhi ya vitabu vya tiba vilivyotoka baada ya kuenea kwa mfumo wa kimataifa huandika shinikizo la damu kwa kilopaskali. Mtu mzima aliye na milimita 120 kwa 80 huandikwa humo 16,0 kwa 10,7. Sasa kumbuka desturi ya Kongo. Muuguzi aliyezoea sentimita za zebaki akiiona karatasi yenye 16 kwa 10,7, bila jina la kipimo, atasoma milimita 160 kwa 107, na mtu mzima wa afya atapewa dawa za kushusha damu.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mgonjwa aliyepimwa Lubumbashi ana 16 kwa 10, yaani milimita 160 kwa 100, damu iliyopanda kweli kweli. Barua yake ikisomwa na mtu anayefikiri kwa kilopaskali, 16 kwa 10 ni milimita 120 kwa 75, na mgonjwa ataambiwa arudi nyumbani kwa amani. Hapa hakuna aliyekosea hesabu. Namba zote mbili zimo ndani ya mipaka ya binadamu aliye hai, na ndiyo sababu hakuna anayeshtuka.

Kwa wanaotaka njia ya kichwani: kilopaskali moja ni milimita 7,5 za zebaki, au robo tatu ya sentimita. Kilopaskali 12 ni sentimita 9, kilopaskali 16 ni sentimita 12, kilopaskali 20 ni sentimita 15. Kwa kurudi, ongeza theluthi. Lakini hesabu hiyo haina faida yoyote kwa mtu asiyejua anaanzia wapi, na hivyo si haki kumlaumu muuguzi aliyesoma karatasi vibaya kabla ya kumwuliza aliyeiandika kwa nini hakuweka herufi mbili za mwisho.

Jambo linalofanana lipo katika mkato na nukta. Andika 1,013. Msomaji aliyesoma Kifaransa ataona moja na sehemu kidogo. Aliyesoma Kiingereza ataona elfu moja na kumi na tatu. Kwa kawaida mmoja wao angegundua kwamba namba haiwezekani. Lakini kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni bari 1,013 na pia ni hektopaskali 1 013. Wasomaji wote wawili wataridhika, kila mmoja na kipimo chake, na kila mmoja atadhani ameelewa. Kwa namba hii watakuwa wameelewa kweli, kwa bahati.  Chuo kinachopokea vitabu kutoka Brussels, Paris, Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati mmoja hakiwezi kulipuuza suala hili la uchapaji.

Herufi ndogo na kubwa nazo zina lao. MPa ni megapaskali, paskali milioni. mPa ni milipaskali, sehemu ya elfu ya paskali. Kati yake kuna mara bilioni moja, na mashine nyingi za chapa za zamani zilikuwa katika ofisi ambazo vichwa vya habari viliandikwa kwa herufi kubwa tupu.

4. Mtungi wa oksijeni

Vifaa vinavyofika katika hospitali za Kongo hutoka pande nyingi. Manometa zilizotengenezwa Ulaya huonyesha bari. Nyingi za China na Japani huonyesha megapaskali. Zile za Marekani huonyesha pauni kwa inchi ya mraba, kipimo kisicho cha metriki, ambacho kimoja ni paskali 6 895. Chukua mtungi wa chuma wenye ujazo wa ndani wa lita 50, uliojazwa hadi bari 150. Kwa kuzidisha, mtungi huo utatoa takriban lita 7 500 za oksijeni iliyolegezwa hadi bari moja. Mgonjwa anayepewa lita 5 kwa dakika atautumia kwa saa 25.

Mshale wa manometa ya megapaskali, juu ya mtungi huo huo, utasimama kwenye 15. Anayedhani ni bari 15 atahesabu lita 750, sawa na saa mbili na nusu, na ataubadilisha mtungi uliojaa. Hasara ni ya fedha na ya usumbufu. Lakini manometa ya Kimarekani ikisimama kwenye 150, huku msomaji akidhani ni bari, ataandika katika daftari la zamu kwamba oksijeni ipo hadi kesho yake. Pauni 150 ni bari 10,3. Mtungi una lita 517 au chini kidogo, na utakwisha kabla ya saa mbili kupita, pengine usiku, wakati wa zamu ya mtu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo manometa hulificha. Ikiwa wazi, haikufungwa popote, mshale wake husimama kwenye sifuri, ingawa hewa inaigandamiza. Manometa hupima ziada juu ya hewa ya mahali ilipo, wala haipimi kanieneo kamili. Hata shinikizo la damu huhesabiwa hivyo hivyo. Gurudumu lililojazwa Dar es Salaam hadi bari 2,2 lina kanieneo kamili ya 3,21, kwa kuwa hewa ya pwani huongeza 1,01. Lori likifika Lubumbashi, na joto likiwa lile lile, manometa itasoma 2,33, kwa kuwa sasa hewa ya kutolewa ni 0,88 tu. Dereva ataapa kwamba gurudumu halikuguswa, na atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo namba ya kanieneo inahitaji majina mawili: jina la kipimo, na jina la sifuri iliyoanziwa.

5. Chini ya Ziwa Kivu

Hakuna mahali nchini ambapo majina hayo mawili yanahitajika zaidi ya Ziwa Kivu. Kina chake cha juu kabisa ni kama mita 485, na katika maji ya chini zimeyeyuka gesi nyingi mno: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Namba hizo zinazonukuliwa kila mahali hazina maana zikiondolewa kanieneo, kwa sababu gesi haina ujazo wake yenyewe. Ni ujazo ambao gesi hiyo ingeuchukua ingetolewa nje na kuwekwa kwenye nyuzi sifuri na angahewa moja. Huko chini iliko, imekaa ndani ya maji bila kuonekana, kama ilivyo katika chupa ya soda isiyofunguliwa.

Kinachoizuia ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita ya maji huongeza kilopaskali 9,8 hivi. Kwenye mita 320, kwa mfano, maji hukandamiza kwa megapaskali 3,13. Uso wa ziwa, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1 460, unabeba hewa ya megapaskali 0,085. Jumla ni karibu megapaskali 3,2, au bari 32. Mapovu hayawezi kuanza mpaka kanieneo za gesi zilizoyeyuka, zikijumlishwa, zipite kiasi hicho. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kwamba mahali palipokaribia zaidi, kwenye kina hicho hicho cha mita 320, jumla hiyo ilikuwa imefika kidogo zaidi ya nusu ya njia. Vipimo vya baadaye havikuthibitisha hofu kwamba metani ilikuwa ikiongezeka kwa kasi. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi: tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni, dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilitoa kaboni dioksidi yake kwa ghafla usiku na kuua watu wapatao 1 700. Na mwezi wa Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani, bila kuyavuruga maji ya kina.

Katika utafiti kama huo, mfizikia hupewa kanieneo ya gesi kwa angahewa, kina cha maji kwa desibari, na hewa ya juu kwa hektopaskali, kila kimoja kikitoka katika desturi ya taaluma yake. Desibari ni sehemu ya kumi ya bari. Wachunguzi wa bahari waliipenda kwa sababu desibari moja ni karibu sawa na mita moja ya maji. Vifaa vingi vyao vimewekwa kiwandani vitoe desibari 10,13, hewa ya usawa wa bahari, kabla ya kuandika kina. Kwenye Kivu hewa ni desibari 8,5. Kifaa kisiporekebishwa, fundi aliyekaa mtumbwini pwani ya Goma akikishika mkononi, kabla hakijagusa maji, atakikuta kimekwisha kuandika kina cha mita 1,7 chini ya sifuri, yaani juu ya uso wa ziwa.